Wasia Wenye Anwani: Ndoa, Wajibu na Kuandika katika Utendi wa Mwana Kupona na Utenzi wa Hati

Ikisiri

Utendi wa Mwana Kupona (1858) umesomwa kwa muda mrefu kama sheria ya mwenendo wa mke, na mabishano mengi juu ya thamani yake yamejengwa juu ya usomaji huo. Makala haya yanadai kwamba utendi huo, sawa na Utenzi wa Hati wa Shaaban Robert, ni wasia: maneno ya mzazi mmoja kwa mtoto mmoja, yaliyotungwa katika nyumba mahususi na kwa sababu mahususi. Hekima na ucheshi wake havieleweki vikitengwa na anwani hiyo. Uchambuzi unaangalia namna mzazi anavyomkalisha binti kuandika, kicheko kilichomo katika mafunzo ya kumtunza mume, utumwa ulioibeba nyumba ya Siyu, na beti za mwisho ambamo Mwana Kupona anawaita wanawake wote wasome. Sehemu ya mwisho inahusu ufundishaji wa tendi hizi kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki ambao Kiswahili si lugha yao ya nyumbani.

Utangulizi

Utendi wa Mwana Kupona hutajwa mara nyingi kuliko unavyosomwa. Anayeutetea huchukua beti tatu nne zinazohusu kumstahi mume akazifanya nguzo ya maadili ya mwambao. Anayeupinga huchukua beti zilezile akazifanya ushahidi wa kudunishwa kwa mwanamke. Ugomvi wao ni mkali, lakini chini yake wamekubaliana: wote wawili wanaamini kwamba beti hizo ni amri iliyotolewa kwa wanawake kwa jumla, nyakati zote na mahali pote. Makubaliano hayo ya kimyakimya ndiyo yanayochunguzwa hapa, kwa kuwa yamedhuru usomaji wa utendi kuliko ugomvi wenyewe.

Mambo ya msingi yanajulikana. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate. Mumewe alifariki yapata mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, naye akiwa mgonjwa, mjane huyo alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa wasia kwa Kiswahili cha kaskazini. Mwenyewe alifariki muda si mrefu baada ya hapo, yapata 1860. Utungo ulinakiliwa na kuhifadhiwa kwa hati za Kiarabu, ukasomwa na kughaniwa na wanawake wa Lamu na jirani zake, kisha ukaingia katika vitabu vya wataalamu. Alice Werner aliuchapisha mwaka 1917. Mwaka 1934 aliutoa tena pamoja na William Hichens, na toleo hilo likapewa kichwa cha Kiingereza chenye maana ya nasaha za Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. J.W.T. Allen aliutia katika mkusanyo wake wa tendi wa mwaka 1971.

Kichwa cha mwaka 1934 kinastahili kutazamwa kidogo. Hakuna ubeti ambamo mtunzi anaupa utungo wake jina hilo. Sehemu inayohusu mume haifiki hata nusu ya utendi: kabla yake kuna mafunzo ya dini, adabu na uaminifu, na baada yake kuna mawaidha juu ya wahitaji na dua ndefu ambayo ndiyo moyo wa nusu ya pili. Wahariri walichagua sehemu moja wakaifanya jina la kitu kizima, na wasomaji waliofuata, watetezi na wapinzani, wakaupokea utendi ukiwa tayari umebandikwa lebo.

Binti, wino na karatasi

Utendi unaanza kwa kumwita binti asogee karibu, ajitwalie wino na karatasi, kwa kuwa mama ana maneno moyoni anayotaka kumwambia. Mama anaeleza kwamba ugonjwa umemkalia mwaka mzima na hajapata nafasi ya kumpa nasaha njema. Mwito huu mara nyingi hupitwa kama pambo la ufunguzi. Kwa kweli ndio unaoamua kila kinachofuata.

Kwanza, unamweka binti mahali pa mwandishi. Mama anasema, mtoto anaandika. Mwana Hashima si msikilizaji anayekalishwa kimya aamriwe. Kalamu iko mkononi mwake, na maneno yote ya wajibu yanapita katika vidole vyake kabla ya kufika kwa yeyote mwingine. Katika jamii ambako mafunzo ya ndoa yalikuwa kazi ya somo au kungwi, yaani mafunzo ya mdomo, ya faraghani, yenye nyimbo, mizaha na maneno ambayo hayasemwi mbele ya wanaume, mama huyu alichagua karatasi. Sababu yake ameitaja: ni mgonjwa. Somo huweza kurudi kesho akasahihisha. Aliye kitandani hana hakika ya kesho. Karatasi ilishika nafasi ya mwili ambao ulikuwa unaondoka.

Pili, mwito huo unaeleza wasia ni kitu gani. Mwana Kupona anauita utungo wake hirizi iliyofungwa imara, na kidani cha lulu na marijani atakachomvika bintiye shingoni. Hirizi huandikwa kwa ajili ya mtu mmoja, ikafungwa, ikavaliwa naye. Haikopeshwi. Kidani nacho kina jambo lake, kwa sababu ndiyo sura ya utendi wenyewe kama umbo: kila ubeti una mishororo minne mifupi, una maana iliyotimia, na umefungwa kwa kina cha bahari. Ubeti wa utendi hutoka katika uzi wake kwa urahisi kama ushanga. Hiyo ni sifa ya umbo na pia ni hatari yake, kwani waliochomoa shanga chache wakazifanya kanuni walisaidiwa na utungo wenyewe. Kilichobaki mkononi mwao ni shanga nzuri. Kilichopotea ni uzi, na shingo iliyokusudiwa.

Mfano wa nguo ya kanga unaweza kusaidia hapa. Kanga hununuliwa doti, na maneno yake huchapwa kwa maelfu bila ya kumjua mvaaji wala jirani yake. Lakini mwanamke anapoivaa siku fulani, mbele ya mtu fulani, maneno yale ya jumla hupata anwani na wakati mwingine huzua ugomvi wa mtaa mzima. Wasia wa Mwana Kupona ulisafiri njia ya kinyume. Ulizaliwa na anwani, ukafikishwa sokoni bila ya anwani.

Kicheko ndani ya wajibu

Beti za mume zinajulikana kwa maudhui. Mama anahesabu radhi tano ambazo binti azitafute: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume. Siku ya kiyama mume ataulizwa mkewe aende wapi, na jibu lake ndilo litakalofuatwa. Basi aishi naye kwa adabu, asimjibu kwa hasira, amuage atokapo na kumpokea arudipo, asimwamshe alalapo, ampepee, amkande, amnyoe ndevu, amfukizie udi asubuhi na jioni. Asitoke bila ya ruhusa, na atokapo ajisitiri.

Hapa uzito wa maneno hauwezi kupunguzwa kwa hila za uhakiki. Mamlaka anayopewa mume, hasa katika jambo la akhera, ni makubwa, na usomaji wowote unaodai kwamba mtunzi alikuwa akidhihaki tu unamvunjia heshima muumini aliyeandika akikikabili kifo. Ann Biersteker, katika utafiti wake wa mwaka 1991, aliwataka wasomaji waache kuuona utendi huu kama mafunzo ya unyenyekevu peke yake na waangalie lugha na mamlaka vinavyohusiana ndani yake. Mwito huo ulikuwa wa haki. Lakini baadhi ya waliomfuata wamekwenda mbali mno, wakamtafuta mwanaharakati mahali alipo mama.

Ucheshi upo, na unapatikana mahali ambapo watu wengi huona utumwa. Mama anamwambia binti amtunze mume kama mtoto mdogo ambaye hajajua kusema. Msomaji wa haraka husikia amri nyingine ya utumishi. Msomaji aliyelea mtoto husikia jambo jingine. Mtoto asiyejua kusema hulishwa, huogeshwa, hubembelezwa na hulindwa, lakini hakuna anayemwachia funguo za nyumba. Anayemtunza ndiye anayejua anataka nini kabla hajasema, ndiye anayeamua kilio kipi ni cha njaa na kipi ni cha usingizi. Kwa neno moja la mfano, mama amempandisha binti daraja: huyo mkubwa ambaye neno lake litasikilizwa siku ya kiyama, nyumbani ni kiumbe wa kuongozwa asijue kwamba anaongozwa. Mama anaongeza shauri la kumpumbaza mume, yaani kumfurahisha na kumtuliza, na kumwachia Mungu ubaya wowote mume atakaouleta. Hayo ni maneno ya mtu anayewajua wanaume, anayewapenda, na asiyewaogopa.

Ushahidi wa usomaji huu umo katika beti ambazo hazinukuliwi karibu kamwe. Akimaliza kumfundisha, Mwana Kupona anamsimulia bintiye ndoa yake mwenyewe. Anasema waliishi na baba yake kwa furaha na kicheko, na kwamba katika siku zote walizokaa pamoja hawakuvunjiana mbeko. Mbeko ni neno la kaskazini lenye maana ya heshima, ile inayomfanya mtu ajizuie mbele ya mwenziwe. Kauli hiyo ni ya pande mbili: hakuna aliyemvunjia mwenziwe. Mauti yalipomfikia, mume alimtolea mkewe radhi tena na tena. Kwa hiyo radhi ya mume, ambayo mwanzoni ilionekana kama hukumu inayotisha, hapa inaonekana ilivyokuwa katika maisha ya mtunzi: maneno ya mgonjwa anayemshukuru mwenziwe. Binti aliyekuwa akiandika aliwajua watu hao wawili. Alikisikia kicheko hicho ndani ya nyumba kabla hajakiandika. Msomaji aliyepewa beti za amri bila ya beti za kicheko amenyimwa kipimo ambacho Mwana Hashima alikuwa nacho.

Nyumba ya Siyu

Ndoa hiyo haikuwa ya raia wa kawaida. Katika miaka ya 1840 Siyu ya Bwana Mataka ilikataa utawala wa Sayyid Said wa Unguja, na jeshi lililotumwa kuitiisha lilishindwa vibaya. Utiifu wa mke, basi, ulifundishwa katika nyumba iliyosifika kwa kukataa kutii. Hilo si kinzano. Mji mdogo unaozingirwa huhitaji nyumba ambazo siri zake hazitoki, na maneno ya utendi juu ya kuuchunga ulimi, kutozungumza ovyo njiani na kuangalia kiingiacho na kitokacho nyumbani yana harufu ya siasa kama yalivyo na harufu ya udi. Mke wa mtawala anayekula njama dhidi ya Sultani hawezi kuwa na porojo za barazani.

Jambo zito zaidi ni utumwa. Mwana Kupona anamwonya bintiye asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Beti hiyo huwatia wahariri wa shule katika aibu, na njia rahisi ni kuiruka. Kuiruka ni kosa, kwa kuwa ndiyo ufunguo wa kuelewa orodha nzima ya huduma. Nyumba ya kiungwana ya Pate, Siyu au Lamu katikati ya karne ya 19 ilikuwa na watu wa kuteka maji, kupasua kuni, kupika na kufagia. Mke alipochukua pepeo akampepea mumewe, au alipomkanda na kumtia manukato, alikuwa akifanya kwa mkono wake jambo ambalo mkono mwingine ungeweza kuamriwa kulifanya. Thamani ya tendo ilikuwa katika kuchaguliwa huko. Ilikuwa ishara ya ukaribu, anasa ya wawili, karibu na mchezo.

Huduma ileile ikihamishiwa katika nyumba ya leo hubadilika maana bila ya kubadilika jina. Mwanamke wa Mombasa, Tanga au Bujumbura anayerudi kutoka kazini jioni, akapika, akafua na kuwasimamia watoto masomo yao, kisha akaambiwa kwamba hekima ya mababu inamtaka pia ampepee mume mpaka alale, anapewa kazi ya watu wawili: ya mke wa Siyu na ya mtumwa wake. Watetezi wa utendi wanaoufanya sheria ya ndoa hawajaona kwamba sheria hiyo ilikuwa na mtu wa tatu ndani yake, ambaye hakuitwa asogee na hakupewa wino. Wapinzani nao, wanapomhurumia Mwana Hashima kama mjakazi wa mumewe, wanamsahau mjakazi wa kweli aliyekuwamo katika nyumba hiyohiyo.

Huo ndio mpaka wa hekima ya utendi huu, na mhakiki hana haja ya kuuficha. Kicheko cha Bwana Mataka na mkewe kilikuwa cha kweli. Kilikuwa pia cha watu waliopumzishwa na jasho la wengine.

Baba anaposhika nafasi ya mama

Karibu karne moja baadaye, katika Tanganyika ya utawala wa Waingereza, karani mmoja wa serikali alijikuta katika hali iliyofanana na ya mjane wa Siyu kwa namna ya kinyume. Shaaban Robert, aliyezaliwa mkoani Tanga mwaka 1909 na kufanya kazi katika idara ya forodha kuanzia 1926 hadi 1944 kabla ya kuhamishiwa idara nyingine, alifiwa na mkewe Amina. Shairi la maombolezo alilomtungia linajulikana na vizazi vya wanafunzi. Katika kitabu chake cha Maisha Yangu kuna pia tendi mbili kwa watoto wake: Utenzi wa Hati kwa Mwanjaa na Utenzi wa Adili kwa Suleiman.

Utenzi wa Hati unaanza kama ulivyoanza ule wa Siyu. Binti anaitwa akae kitini, aandike hati ndogo ya wasia. Kwamba Shaaban Robert aliujua utendi wa Mwana Kupona ni jambo ambalo msomaji yeyote wa tendi hizi mbili atalikubali bila ya kusukumwa. Dini, adabu na ndoa zinafuatana kwa mwendo unaokumbusha ule wa kwanza. Lakini mabadiliko ndiyo yenye mafunzo. Aliyekaa kitandani sasa ni kumbukumbu ya mama, na anayesema ni baba. Mwanamume anachukua kazi ambayo mwambao uliiweka mikononi mwa wanawake. Hawezi kusema jinsi alivyoishi na mume. Hana siri za somo. Kwa hiyo wasia wake una upana zaidi na joto kidogo zaidi la kitabu. Unaelekea kwenye tabia njema ya mtu yeyote, na ule ucheshi wa mwanamke anayemweleza mwanamke mwenziwe jinsi ya kumtuliza mume umepungua sana. Hapo Mwana Kupona anamshinda, na si aibu kusema hivyo juu ya mtunzi ambaye katika nathari yake ya Kusadikika na Kufikirika ana kejeli ya kutosha mataifa mawili.

Lakini Shaaban Robert amempita mtangulizi wake kwa jambo moja. Aliandika wasia mbili. Mwana Kupona alikuwa na mtoto wa kiume pia, Muhammad, na katika kazi zake zinazojulikana hakuna utendi wa kumfundisha huyo awe mume wa namna gani. Radhi, adabu na kujizuia vikawekwa kwa maandishi upande mmoja tu. Karani wa Tanga alimkalisha binti, kisha akamkalisha na mwana. Anayesoma Hati peke yake, kama Mwana Kupona anavyosomwa peke yake, atapata nusu ya wazo. Wajibu katika nyumba ya Shaaban Robert ulikuwa na nakala mbili, na mitaala inayochagua moja kwa ajili ya somo la mwenendo wa wasichana inaharibu hesabu ya mwandishi.

Tabia hii ya kumwandikia mtu mmoja haikuwa ya tendi pekee. Barua zake kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, zilizohaririwa na M.M. Mulokozi na kutolewa mwaka 2002, ni za kuanzia 1931 hadi 1958. Ndani yake nasaha zinachanganyika na habari za jamaa na mambo ya uchapishaji. Anayezoea sentensi za Shaaban Robert katika kalenda na mabango ya shule, ambako zimekauka kama samaki wa ng'onda, hushangaa kuzikuta barua hizo zikiwa na unyevu. Sauti ni ileile. Tofauti ni kwamba kuna mtu upande wa pili.

Mlango uliofunguliwa mwishoni

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja ya makala haya limo ndani ya utendi wenyewe. Katika beti za mwisho Mwana Kupona anawageukia wanawake wote. Anawaambia wasome, wafahamu maana, wasije wakabeba lawama mbele ya Mungu. Ikiwa mtunzi mwenyewe ameifungua bahasha, mtu atauliza, kwa nini mhakiki aifunge tena?

Jibu linahitaji kuzingatia mahali na neno. Mahali: mwito huu unakuja baada ya dua, yaani baada ya mama kuwaweka watoto wake na ndugu zake katika ulinzi wa Mungu na kujiombea afya. Ameshamaliza na binti. Wanawake wanaoitwa wanaingia chumbani wakati wasia umekwisha kuandikwa, na wanachopewa ni karatasi iliyoandikwa kwa mwingine. Wanausoma wakijua hivyo. Neno: anawaambia wasome na wafahamu. Mwaka 1858, mwambaoni, mwanamke anawapa wanawake wenzake kazi ya kusoma na ya kutafuta maana, bila ya kumweka mwanazuoni wala mume katikati yao na maandishi. Kutii kumetajwa, lakini kumetanguliwa na kufahamu. Mtu anayefahamu hupima kilicho chake na kisicho chake. Ndivyo wanawake wa Lamu walioughani utendi huu kizazi baada ya kizazi walivyoweza kuupenda bila ya kila mmoja kuishi kama mke wa mtawala wa Siyu.

Kwa maneno mengine, mlango ulifunguliwa kwa wasomaji. Waliokuja kuutumia mlango huo kupitisha sheria waliingia na mzigo usioagizwa.

Utendi unapovuka mpaka

Suala hili limepata uzito mpya kwa sababu wasomaji wa Kiswahili wameongezeka mahali ambapo hakuna bibi wa kueleza mbeko ni nini. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha hatua kama hiyo Julai 2022, pamoja na ufundishaji wake shuleni. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina kazi ya kuratibu maendeleo ya lugha katika nchi wanachama. Mwanafunzi wa Mbarara au Huye atakutana na Mwana Kupona, ikiwa atakutana naye, kwa muhtasari wa Kiswahili sanifu: mistari michache inayosema mtunzi anawahimiza wanawake wawatii waume zao. Muhtasari huo si wa uongo. Umeacha nje kila kitu kilichoufanya utendi udumu.

Mwanafunzi huyo ana kinachoweza kumsaidia. Jamii za Maziwa Makuu zina nasaha zao za shangazi na bibi kwa msichana anayekwenda kuolewa, na katika nasaha hizo mzaha na amri hukaa mkeka mmoja. Atamwelewa Mwana Kupona haraka akipewa nafasi ya kuuliza: ni nani anasema, kwa nani, na nyumbani kwa nani? Hayo ni maswali ya darasa la kawaida la fasihi simulizi. Kinachoshangaza ni kwamba utendi ukiisha kuchapwa kitabuni maswali hayo hukoma.

Kwa waandaaji wa vitabu kuna mambo ya kutenda ambayo hayahitaji fedha nyingi. Sehemu ya utendi itakayochaguliwa ianze na mwito wa wino na karatasi, iwe na beti za amri, beti za kicheko na beti ya watumwa, na iishe na mwito wa wasomaji. Ikiwa nafasi haitoshi kwa yote, ni afadhali utendi usiwemo kuliko uwemo nusu. Maneno ya Kiamu na Kisiu yabaki yalivyo, yaelezwe pembeni, kwa kuwa "heshima" haiwezi kubeba yote yaliyomo katika mbeko. Utenzi wa Hati usichapwe bila ya Utenzi wa Adili. Mtihani nao usiulize mwanamke bora ana sifa gani kwa mujibu wa Mwana Kupona. Swali la namna hiyo humlazimisha mtahiniwa aufanye utendi kile ambacho haukuwa, na mtoto wa kike anayelijibu hulijibu akijipima. Aulizwe kwa nini mama huyu, akiwa na ugonjwa wa mwaka mzima na akiwa na somo wangapi wa kumfundishia binti, aliagiza wino. Kisha wavulana na wasichana wa darasa hilo wapewe karatasi, kila mmoja aandike ambayo mzazi au bibi yake angemwandikisha.